SOMO LA KUMI NA NANE: SIKIO LILILO MBALI

Tuanze safari yetu katika mji wa Same, mkoani Kilimanjaro. Mji huu uko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Karibu na mji imesimama Milima ya Upare Kusini. Kilele chake kirefu kuliko vyote ni Shengena, chenye kimo cha mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Ng'ambo ya milima hiyo viko vijiji vya Gonja na Ndungu.

Fikiri kwamba umeketi uani jioni, nawe unafungua redio ndogo ya betri. Unageuza kitufe polepole. Mara unasikia muziki, mara watu wanazungumza lugha usiyoijua, mara mkoromo mtupu. Sauti hizo zimetoka wapi? Zimeivukaje milima? Na je, ungeweza kusikia sauti ambazo hazifiki Same kabisa, bila wewe kuondoka Same?

Jibu la swali hilo la mwisho ni ndiyo. Siku hizi mtu wa Same anaweza kutumia redio iliyo Uholanzi, Japani au Afrika Kusini, akaigeuza masafa kama vile ameishika mkononi. Redio ya namna hiyo huitwa kipokezi cha mbali. Katika somo hili utajifunza jinsi kinavyofanya kazi. Tena utajifunza swali moja ambalo kila msikilizaji mwaminifu hujiuliza: sikio lilikuwa wapi?

MAWIMBI YA REDIO

Katika Milima ya Upare, wakulima huchimba mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Ukitupa jiwe ndani ya ndiva, viwimbi hutokea pale jiwe lilipoangukia, vikaenea pande zote mpaka ukingoni. Mtambo wa redio nao hutoa mawimbi. Lakini mawimbi ya redio hayahitaji maji, wala hayaonekani kwa macho. Hupita hewani, na hupita hata mahali pasipo na hewa.

Mawimbi ya redio huenda kwa kasi kubwa mno, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka Same hadi mji wa Enschede nchini Uholanzi ni karibu kilomita 7,000. Wimbi la redio humaliza umbali huo kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Wimbi hupanda na kushuka. Idadi ya mara ambazo wimbi hupanda na kushuka katika sekunde moja huitwa masafa ya wimbi. Masafa hupimwa kwa hezi. Jina hili limetokana na Heinrich Hertz, mwanasayansi wa Ujerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio katika miaka ya 1880.

Hezi 1,000 ni kilohezi 1.
Kilohezi 1,000 ni megahezi 1.

Ukitaka kujua urefu wa wimbi kwa mita, gawanya 300 kwa idadi ya megahezi. Kwa mfano, wimbi la megahezi 15 lina urefu wa mita 20, kwa sababu 300 ÷ 15 = 20.

Mawimbi yenye masafa kati ya megahezi 3 na megahezi 30 huitwa mawimbi mafupi. Piga hesabu uone. Urefu wake ni kuanzia mita 100 hadi mita 10. Huenda ukacheka na kusema, "Mita 100 ni karibu sawa na uwanja wa mpira! Huo ni ufupi gani?" Sababu ni kwamba mawimbi yaliyotumiwa zamani zaidi yalikuwa marefu kuliko hayo.

DARI LA ANGANI

Matangazo ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Yakikuta mlima mkubwa, huzuiwa. Ndiyo maana mtu aliye nyuma ya mlima huweza kukosa kituo ambacho jirani yake wa upande wa pili hukisikia vizuri.

Mawimbi mafupi yana njia nyingine. Juu sana, kuanzia kama kilomita 60 kutoka ardhini, kuna tabaka la hewa nyepesi sana. Mionzi ya jua huipiga hewa hiyo na kuzibandua chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Tabaka hilo huitwa ionosfia. Mawimbi mafupi yakifika huko hupindwa, yakarudi ardhini mbali sana na pale yalipotoka. Yakigonga ardhi au bahari huweza kupanda tena, kama mpira unaodunda. Hivyo huvuka milima, bahari na nchi nyingi.

Basi ionosfia ni kama dari la angani. Lakini dari hili halikai vilevile wakati wote. Mchana, sehemu yake ya chini humeza mawimbi ya masafa ya chini. Usiku sehemu hiyo hutoweka, kwa kuwa hakuna jua. Ndiyo sababu vituo vingi vya mbali husikika usiku tu. Mawimbi ya masafa ya juu, kama megahezi 14, huwa na tabia tofauti. Mara nyingi husafiri vizuri mchana na jioni, kisha hufifia usiku unapokua.

KELELE ZA KARIBU

Wimbi linalotoka mbali hufika likiwa dhaifu sana. Sauti yake ni kama mnong'ono. Je, unaweza kusikia mnong'ono sokoni siku ya gulio? Bila shaka huwezi, hata kama masikio yako ni mazima. Redio nayo iko hivyo. Redio nzuri iliyowekwa mahali penye kelele za umeme haiwezi kusikia mnong'ono wa mbali.

Kelele hizo hutoka wapi? Nyingine hutoka katika radi. Hasa wakati wa mvua utasikia redio ikipasuka-pasuka kila umeme wa radi unapomulika. Nyingine hutoka katika vifaa vyetu wenyewe, kama vile chaja za simu, baadhi ya taa, televisheni na vifaa vinavyobadili umeme wa jua ili utumike nyumbani.

JARIBIO LA KWANZA: Kutafuta mahali patulivu

Vifaa: redio ya betri yenye MW au SW, chaja ya simu, taa ya umeme, daftari na kalamu.

Njia:
1. Weka redio kwenye MW au SW, mahali pasipo na kituo. Utasikia mkoromo mdogo.
2. Mwombe mwalimu au mtu mzima achomeke chaja ukutani. Usiguse waya wala soketi wewe mwenyewe.
3. Sogeza redio karibu na chaja. Sikiliza. Kisha isogeze mbali, hatua moja moja.
4. Fanya hivyo hivyo karibu na taa iliyowashwa.
5. Sasa toka nje, uende mbali na nyumba na nguzo za umeme. Sikiliza tena.
6. Andika katika daftari lako mahali penye kelele nyingi na mahali penye kelele chache.

Umegundua nini? Redio ni ile ile na betri ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali tu. Kwa hiyo kumbuka jambo hili: antena husikia yale yanayofika pale ilipo.

KIPOKEZI CHA MBALI

Zamani, mtu aliyetaka kusikia mnong'ono wa mbali alilazimika kuibeba redio yake na kuipeleka mahali patulivu. Siku hizi kuna njia nyingine. Kipokezi huachwa mahali patulivu penye antena nzuri, kisha msikilizaji hukiamuru kwa intaneti akiwa mahali pengine.

Ili uelewe jinsi kinavyofanya kazi, turudi kwenye ndiva. Maji ya kijito hukusanywa ndani ya ndiva usiku kucha. Asubuhi mlango hufunguliwa, nayo maji hupita katika mifereji mpaka mashambani. Kila mkulima hupata maji kwa zamu, na huyapeleka kwenye shamba lake. Mmoja humwagilia mahindi, mwingine maharage. Wote wamepata maji kutoka ndiva moja.

Kipokezi cha mbali hufanya kazi kwa hatua nne:

Kwanza, antena hunasa mawimbi mengi kwa pamoja, kama ndiva inavyokusanya maji.

Pili, kifaa hupima nguvu ya mawimbi hayo mara mamilioni mengi kila sekunde na kuvigeuza vipimo hivyo kuwa tarakimu.

Tatu, programu ya kompyuta huchagua masafa aliyoyataka msikilizaji na kuyageuza kuwa sauti.

Nne, sauti hiyo hupita katika intaneti mpaka kwenye kompyuta au simu ya msikilizaji. Huu ndio mfereji wake.

Kwa kuwa mawimbi yamekwisha kuwa tarakimu, wasikilizaji wengi huweza kutumia kipokezi kimoja kwa wakati mmoja. Mmoja husikiliza habari, mwingine alama za Morse, wala hakuna amzuiaye mwenzake. Redio ya kawaida haiwezi kufanya hivyo. Ukiigeuza wewe, wote walio chumbani watasikia ulichochagua wewe.

Kipokezi kimoja mashuhuri cha namna hii kiko Enschede, katika Chuo Kikuu cha Twente. Kilitengenezwa na Pieter-Tjerk de Boer, naye alianza kukifungulia watu wa dunia nzima mwaka 2008. Mwaka 2012 kilianza kazi kikiwa na uwezo mkubwa zaidi, yaani wa kupokea masafa yote mpaka megahezi 29 kwa pamoja. Baadaye kilitokea kifaa kidogo kiitwacho KiwiSDR, chenye kupokea kuanzia kilohezi 10 hadi megahezi 30. Watu wengi katika nchi mbalimbali wamevifunga vifaa hivyo nyumbani kwao na kuwaachia wageni wavitumie bila malipo. Lakini kwa kawaida kifaa kimoja cha KiwiSDR huhudumia wasikilizaji 4 au 8 tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, kama katika ndiva, zamu ni muhimu. Ukimaliza, funga ukurasa ili mwenzako apate nafasi.

WANAREDIO WA RIDHAA NA ALAMA ZAO

Kuna watu wanaopenda kuwasiliana kwa redio bila kulipwa, kwa kujifunza na kwa kufanya urafiki. Hao huitwa wanaredio wa ridhaa. Hapa Tanzania mtu haruhusiwi kurusha mawimbi mpaka apate leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kipokezi cha mbali hakirushi kitu. Husikiliza tu. Ukisema mbele ya simu yako, mwanaredio unayemsikia hatakusikia.

Kila mwanaredio hupewa alama ya wito. Mwanzo wa alama huonyesha nchi. Jifunze hizi:

Tanzania: 5H
Kenya: 5Z
Uganda: 5X
Rwanda: 9X
Afrika Kusini: ZS
Uholanzi: PA
Uhindi: VU
Japani: JA

Ukisikia alama inayoanza na 5H, huyo ni mwanaredio wa nchi yetu.

KITUO CHA ISHARA CHA KENYA

Mabaharia huangalia mnara wa taa ili wajue pwani iko wapi. Wanaredio nao wana vituo vya ishara. Vituo hivi havitangazi habari wala muziki. Kazi yake ni kutaja alama yake na kutoa milio, ili watu wajue kama njia ya angani iko wazi.

Upo mpango wa dunia nzima wenye vituo vya ishara 18. Vituo hivyo hupokezana katika masafa ya kilohezi 14,100. Kila kimoja hupewa sekunde 10. Zidisha 18 kwa 10 utapata sekunde 180, yaani dakika 3. Dakika 3 zikiisha, zamu huanza upya. Baada ya kituo cha Afrika Kusini, ZS6DN, hufuata kituo cha Kenya, ambacho alama yake ni 5Z4B.

Kituo kinapofikiwa na zamu yake hutaja alama yake kwa Morse, kisha hutoa milio minne mirefu. Kila mlio una nguvu tofauti:

Mlio wa kwanza: wati 100
Mlio wa pili: wati 10
Mlio wa tatu: wati 1
Mlio wa nne: wati 0.1

Wati 100 ni nguvu ya taa kubwa ya nyumbani ya zile za zamani. Wati 0.1 ni sehemu moja tu ya elfu ya nguvu hiyo. Ukiusikia mlio wa nne kutoka nchi ya mbali, ujue njia ya angani iko wazi sana.

Hivi ndivyo 5Z4B inavyoandikwa kwa Morse:

5: · · · · ·
Z: – – · ·
4: · · · · –
B: – · · ·

Gonga meza kwa kidole, mara fupi kwa nukta na mara ndefu kwa kistari, mpaka uikariri.

JARIBIO LA PILI: Kusikiliza kwa sikio la mbali

Vifaa: kompyuta au simu yenye intaneti, daftari, kalamu na saa. Kama shule haina kompyuta, mwalimu anaweza kutumia simu yake, nanyi mkae kimya wote msikilize pamoja.

Njia:
1. Chagueni kipokezi cha mbali kilicho katika nchi moja. Andikeni jina la mahali hapo kwanza, kabla ya jambo lingine lolote.
2. Chagueni masafa ya kilohezi 14,100 na kubonyeza herufi CW, ambazo ni za Morse.
3. Tazameni picha iliyo kwenye kioo. Utaona mistari ya rangi ikishuka. Kila mstari unaong'aa ni wimbi la kituo fulani. Wanaredio huiita picha hiyo maporomoko, kwa sababu inashuka kama maji ya mtoni.
4. Sikilizeni kwa dakika 6, yaani zamu mbili kamili. Andikeni alama mlizozitambua na idadi ya milio mirefu mliyoisikia.
5. Fungueni kipokezi kingine katika nchi nyingine, mfanye hivyo hivyo.
6. Rudieni jaribio saa 4 asubuhi, saa 10 jioni, na, kwa mwenye nafasi nyumbani, saa 3 usiku.

Msishangae kama kituo fulani hakisikiki kabisa. Huenda njia ya angani imefungwa, au huenda mtambo wake umezimwa kwa matengenezo. Kutosikia nako ni matokeo. Andikeni "hakikusikika."

Chora jedwali kama hili katika daftari lako:

Tarehe | Saa | Kipokezi kiko wapi | Masafa | Kituo kilichosikika | Milio mirefu mingapi

SIKIO LILIKUWA WAPI?

Sasa soma mazungumzo haya kati ya mwanafunzi na mwalimu wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unatweta?"

"Mwalimu, nimeisikia 5Z4B! Milio mitatu mirefu! Nimeandika kwamba kituo cha Kenya kimesikika Same."

"Vizuri sana kwa kusikiliza. Ulitumia kipokezi kipi?"

"Cha Uholanzi, mwalimu."

"Na antena yake iko wapi?"

Mwanafunzi akanyamaza kidogo. "Iko Uholanzi."

"Basi wimbi lile lilifika wapi?"

"Lilifika Uholanzi. Same ilifika sauti tu, kwa intaneti."

"Ndivyo. Mwenye kituo akisoma daftari lako, atadhani wimbi lake limefika Same, kumbe lilifika kwingine. Nenda kasahihishe. Usifute. Kata kwa mstari mmoja, uandike sawasawa pembeni, ili anayesoma aone ulivyojisahihisha."

Je, umeliona kosa la mwanafunzi huyu? Hakusema uongo kwa makusudi. Alisahau kwamba masikio yake yalikuwa Same, lakini sikio la redio lilikuwa Uholanzi, karibu kilomita 7,000 kutoka pale alipoketi.

Kosa hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wanaredio hutumia taarifa za wasikilizaji kujua mawimbi yao yanafika wapi, saa ngapi, na kwa nguvu gani. Taarifa mia moja za kweli hutufundisha tabia ya ionosfia. Taarifa moja yenye mahali pasipo pa kweli huwapotosha wote wanaoitegemea. Ni kama mtu anayepima mvua iliyonyesha Chome, kisha akaandika kwamba imenyesha Same mjini. Mkulima wa Same akiamini kipimo hicho, atapanda mbegu katika udongo mkavu.

Kwa hiyo shika kanuni hii: kila taarifa ya kipokezi cha mbali lazima itaje mahali ilipo antena.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Wimbi hufika kwenye antena kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini kompyuta huchukua muda kuligeuza wimbi kuwa tarakimu, kuipeleka sauti na kuikusanya tena upande wako. Kwa hiyo sauti unayoisikia huweza kuchelewa kwa sekunde moja au zaidi. Usiitumie kurekebisha saa yako.

MTANDAO UKIKATIKA

Kipokezi cha mbali ni chombo kizuri, lakini kinategemea mambo mengi. Kinahitaji umeme kule kiliko, umeme hapa uliko, na intaneti katikati. Sauti inayotoka Ulaya kuja Tanzania hupita katika kebo zilizolazwa chini ya bahari. Kebo ya SEACOM, ambayo ina kituo Dar es Salaam, ilianza kazi mwezi Julai 2009. Mwezi Mei 2024 kebo za bahari zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo mfereji wako unakauka, hata kama ndiva imejaa.

Wimbi la redio lenyewe halihitaji kebo. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ardhi chini ya bahari lilisababisha mawimbi makubwa ya maji katika Bahari ya Hindi. Mwanaredio wa ridhaa Bharathi Prasad wa Uhindi alikuwa na wenzake mjini Port Blair, katika Visiwa vya Andaman. Mawasiliano ya kawaida yalikatika. Wao wakatumia redio zao kupeleka habari za walionusurika kwa ndugu zao waliokuwa mbali.

Milima yetu nayo ina hatari zake. Mwezi Novemba 2009 mvua kubwa ilileta maporomoko ya ardhi katika Milima ya Upare Kusini, wilayani Same, na watu wengi walipoteza maisha. Katika maafa ya namna hiyo, barabara huweza kuzibwa na nguzo huweza kuanguka. Mtu mwenye redio ndogo na betri huweza bado kusikia habari na maonyo.

Basi usiitupe redio ya betri kwa sababu umejua kutumia kipokezi cha mbali. Kila kimoja kina kazi yake. Kipokezi cha mbali hukufundisha jinsi mawimbi yanavyofika nchi nyingine. Redio ya nyumbani hukuambia kinachofika hapa ulipo, nayo hubaki nawe mtandao unapokatika.

TULIYOJIFUNZA

1. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde.
2. Ionosfia hupinda mawimbi mafupi, yakavuka milima na bahari.
3. Antena husikia mawimbi na kelele za mahali ilipo.
4. Kipokezi cha mbali hugeuza mawimbi kuwa tarakimu na kuipeleka sauti kwa intaneti.
5. Kusikiliza si kurusha. Kurusha mawimbi kwahitaji leseni.
6. Taarifa ya kweli hutaja mahali ilipo antena.

MANENO MAPYA

Alama ya wito: herufi na tarakimu zinazomtambulisha mwanaredio au kituo.
Antena: waya au chuma kinachonasa au kurusha mawimbi ya redio.
Ionosfia: tabaka la juu la anga linalopinda mawimbi mafupi.
Kipokezi: chombo kinachopokea mawimbi na kuyafanya yasikike.
Kituo cha ishara: kituo kinachorusha alama yake ili njia ya angani ijulikane.
Masafa: idadi ya mara wimbi linapanda na kushuka katika sekunde moja.

ZOEZI

A. Jibu maswali haya.
1. Kwa nini FM huweza kuzuiwa na mlima, na mawimbi mafupi huweza kuuvuka?
2. Taja vifaa viwili vya nyumbani vinavyoweza kuleta kelele katika redio.
3. Wimbi la megahezi 10 lina urefu wa mita ngapi? La megahezi 6 je?
4. Vituo 18 vya ishara hupokezana kwa sekunde 10 kila kimoja. Katika saa moja, kila kituo hupata zamu ngapi?
5. Eleza jinsi kipokezi cha mbali kinavyofanana na ndiva. Kisha eleza jambo moja ambalo havifanani.

B. Sahihisha taarifa hizi, ukitoa sababu.
1. "Nilitumia kipokezi cha Japani nikasikia kituo cha Afrika Kusini. Kwa hiyo mawimbi ya Afrika Kusini yamefika Same."
2. "Sikusikia kituo cha Kenya leo. Kwa hiyo jaribio langu halina faida."

C. Kazi ya nyumbani.
Mwulize babu, bibi au mzee mwingine jirani yako: zamani watu wa hapa walisikiliza redio wapi, saa ngapi, na vituo gani? Kama alipanda mahali pa juu au alifunga waya mtini ili asikie vizuri, mwulize sababu. Andika majibu yake. Kisha andika kwa maneno yako mwenyewe kama sababu hiyo inapatana na yale uliyojifunza katika somo hili. Usisahau kuandika mahali alipokuwa aliposikiliza.